Pingamizi Dhidi ya Tuzo ya Mama Funguo

Kwa Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Tuzo kwa Wanawake Wanaoongoza Huduma za Jamii.

KUHUSU: OMBI LA KUFUTA JINA LA MKE WANGU KWENYE ORODHA YENU

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima, wewe na wajumbe wako, pamoja na karani wenu mwenye mwandiko mzuri aliyeandika anwani yetu kwenye bahasha. Natumaini barua hii itawakuta wazima na mkiwa na nafasi, maana si fupi. Ya kwenu ilifika Ijumaa iliyopita. Niliipokea mimi, nikaifungua mimi, nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwa sababu nyumba hii haina kiti. Habari za viti nitazifikia.

Mnasema mmemteua mke wangu, ambaye mji mzima unamwita Mama Funguo, kupokea ngao ya mwanamke kiongozi wa huduma kwa mwaka huu. Mnasema baada ya kukabidhiwa ngao atazunguka miezi mitatu, mji hadi mji, kuwafundisha wengine namna kikundi chake kinavyofanya kazi. Kisha mnaniomba mimi mume wake nijaze fomu yenye sehemu tatu. Ya kwanza, nikubali kwa sahihi yangu. Ya pili, nimtaje mtu atakayeshika nafasi yake akiwa safarini. Ya tatu, nieleze uzoefu wa mtu huyo katika kazi ya huduma.

Mheshimiwa, sina ugomvi na wanawake kupewa tuzo. Mama yangu mzazi alikuwa mwanamke, na mambo hayo sikuyaanza leo. Ugomvi wangu ni juu ya huyu mmoja. Nimekaa naye miaka thelathini na minane, ninyi mmemsoma kwenye karatasi. Naomba basi niorodheshe malalamiko yangu kwa namba, kwa kuwa mimi ni fundi vitasa mstaafu na nimezoea vitu vyenye namba.

1. Tuzo hii ni tusi kwa kazi yangu.

Kwa miaka thelathini na minne nimefunga milango ya mji huu. Nenda mtaa wowote, gusa kitasa chochote kinachojiheshimu, utakuta mkono wangu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: aliye nje abaki nje.

Miaka minane iliyopita jirani yetu mmoja, mjane aliyekuwa mpishi wa hospitali, aliniomba nimwekee kitasa kwa sababu anaishi peke yake na anaogopa. Nilimwekea kitasa cha makomeo matatu. Nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kufunga kitasa kizuri kuliko kile. Miezi miwili baadaye mjane yule aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akalala sakafuni siku mbili. Mke wangu ndiye aliyegundua. Aliona pazia la dirisha la jirani halijafunguliwa, siku ya pili hivyo hivyo, akaja karakana kunivuta mkono. "Fundi, chukua vifaa. Twende sasa hivi."

Ilinichukua dakika arobaini kufungua. Tulimsikia ndani akiomba maji, sauti inakwenda inafifia. Nakiri mbele ya Kamati kwamba sehemu fulani ya moyo wangu, wakati huo huo, ilikuwa ikiona fahari kwa sababu kitasa kilikuwa hakikubali. Fahari hiyo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Mjane alipona, sasa anatembea na mkongojo, na kila akiniona ananishukuru kwa kumfungulia. Huwa sijui niweke wapi uso.

Kesho yake mke wangu aliniletea ufunguo wa mlango ule akasema, "Nichongee mwingine kama huu." Nikachonga. Wiki iliyofuata akaleta wa mzee mmoja wa kisukari. Kisha wa dada mmoja aliyejifungua pacha na mume yuko safarini. Kisha wakaanza kuja wenyewe. Utaratibu wa kikundi chake, ambao barua yenu inauita "ubunifu wa kipekee", ni huu tu: kila anayeishi peke yake au anayeugua bila msaidizi anatoa ufunguo mmoja; kila siku yupo mtu wa zamu anayekuja kuuchukua, anakwenda, anagonga, anaingia. Anachemsha maji, anafua kinachofulika, anakata kucha zilizorefuka, anakaa anasikiliza. Jioni anarudisha ufunguo.

Funguo hizo sasa zimefika arobaini na sita. Zote nimezichonga mimi kwa mkono wangu. Kwa maneno mengine, mwanamke huyu amenitumia mimi mwenyewe kuifungua kazi yangu yote ya ujana, mlango baada ya mlango, na ninyi mnataka kumpa ngao.

2. Hakuna mahali pa kuitundika.

Ukuta wa sebule yetu ulikuwa na picha yangu nikipokea cheti cha fundi bora. Nimevaa suti, nimeshika kitasa kifuani. Picha hiyo sasa iko jikoni nyuma ya mlango, na mvuke wa sufuria umekwisha kunila uso. Imebaki suti na kitasa. Mahali pake pamekaa ubao mrefu wenye misumari hamsini, ndio ubao wa funguo. Misumari niliipiga mimi. Namba chini ya kila msumari niliziandika mimi, kwa rangi nyeupe, nikitumia rula. Wao wakaja wakafunga kila ufunguo utepe wa rangi kufuatana na siku ya zamu, na tangu hapo hakuna anayezitazama namba zangu. Nasisitiza jambo hili la namba na tepe kwa sababu ndilo lililoniangusha, kama mtakavyoona.

Kuhusu viti: tulikuwa na sita. Mke wangu hapendi mtu wa zamu amsalimie mgonjwa akiwa amesimama, anasema mgonjwa akikuona umesimama anafupisha maneno. Basi nyumba isiyo na kiti cha mgeni anaipelekea cha kwetu. Cha sita kiliondoka mwezi uliopita nikiwa nimekikalia. Aliniomba niinuke kidogo, nikadhani anataka kufagia.

3. Mlango wa fundi vitasa haufungwi.

Kwa kuwa ubao uko sebuleni kwetu, watu wa zamu ni lazima waweze kuingia tangu asubuhi na mapema mpaka jua linapozama. Mlango wetu una kitasa cha kujifunga chenyewe. Ukiuvuta tu, umejifunga. Nilikitengeneza mwenyewe. Mke wangu amekibandika plasta, Mheshimiwa. Plasta ya kidonda, ile ya duka la dawa. Amefunika ulimi wa kitasa ili kisijifunge, na kila plasta ikilegea anabandika nyingine, kama mtu anayeuguza.

Matokeo yake ni kwamba nimekutwa nikiloweka miguu. Nimekutwa nikigombana na redio. Anayenikuta mara nyingi ni mama mmoja tunayemwita Sajini, askari magereza mstaafu, ambaye naye maisha yake yote alishughulika na funguo ila kwa upande mwingine. Anaingia bila kutazama kushoto wala kulia, anachukua ufunguo, na akiwa anatoka ananiuliza kwa ile sauti ya kuhesabu wafungwa, "Mzee, umekunywa maji leo?" Najibu, "Nimekunywa, afande," kisha najichukia mpaka jioni.

4. Mke wangu si kiongozi.

Nimesoma sifa mlizoziorodhesha. Mnataka kiongozi mwenye dira, mwenye ushawishi, anayejua kusimama mbele ya watu. Naomba mzingatie ushahidi ufuatao.

Mwaka jana alialikwa kwenye mkutano wa vikundi vya kujitolea, akawekewa kiti cha mbele chenye kitambaa. Mgeni rasmi alipofika, kiti kilikuwa kitupu. Walimkuta nyuma ya ukumbi anaosha vikombe na mhudumu aliyekuwa ameelemewa. Alipoitwa kuhutubia alipewa dakika kumi. Hotuba yake yote ninaikumbuka: "Asanteni sana. Kuna mtu humu anaishi peke yake?" Akashuka na daftari. Siku ile alirudi nyumbani na funguo tatu, mmoja wa mgeni rasmi.

Tena lilikuja gazeti kumwandika. Mpiga picha akamwomba ashike beseni, atabasamu, aelekeze uso dirishani. Mke wangu akampa yeye beseni. Alimwambia, "Mwanangu, shika hapa kidogo, maji yanapoa." Kijana wa watu akajikuta anamwosha mgongo mzee wa kisukari na kamera imening'inia shingoni. Picha haikupigwa. Mpiga picha bado yumo, zamu yake ni Jumatano.

Nauliza kwa nia njema: kiongozi gani huyo asiyeamuru mtu? Sijawahi kumsikia akimwambia yeyote ajitolee. Anachofanya ni kukupa kitu ushike, kisha anaondoka.

5. Msumari wa kumi na saba.

Hapa naomba wajumbe wavumilie, maana malalamiko yaliyotangulia yalikuwa ya kawaida.

Miezi mitano iliyopita nilikuwa nafuta vumbi kwenye ubao. Sikulazimishwa, ni vumbi tu lilikuwa limezidi. Kwenye msumari wa kumi na saba nikakuta ufunguo nisiokuwa nimeuandikisha. Nikayaangalia meno yake. Ulikuwa ufunguo wa nyumba yetu. Nikafungua daftari la zamu, nikatafuta kumi na saba, nikakuta maandishi ya mke wangu: "Fundi mstaafu. Anashinda peke yake. Hapendi kuulizwa. Alhamisi."

Mheshimiwa, mimi nina mke. Nina afya, ukiacha magoti. Nina watoto waliooa na kuolewa ambao hupiga simu. Niliandikwa kwenye orodha ya wapweke na mwanamke ninayelala naye kitanda kimoja!

Aliporudi nilimsubiri palepale kwenye ubao. Kwanza nilimweleza kosa la kitaalamu: ufunguo wa nyumba hautundikwi ndani ya nyumba hiyo hiyo. Anayeuhitaji yuko nje, hawezi kuufikia. Anayeufikia yuko ndani, hauhitaji. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza karakana analijua hilo. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akivua viatu. Kisha akasema, "Huo si wa kufungua mlango. Ni wa kuwakumbusha wanaoingia kwamba humu ndani kuna mtu."

Nikamwambia sihitaji kukumbukwa kwa ratiba. Akaniuliza, "Jana ulizungumza na nani, kabla sijarudi?" Nikafikiri. Nikataka kusema Sajini, lakini Sajini alikuja juzi. Ikabaki redio, na redio tulikuwa tumegombana.

Siku tatu sikumsemesha, na yeye aliendelea kuniwekea chai.

6. Siku niliyoifunga huduma nzima.

Alhamisi iliyofuata mke wangu alikwenda hospitali kumchukua mama mmoja aliyeruhusiwa kutoka wodini. Nikaona wakati ndio huu. Nikabandua plasta kwenye kitasa. Nikaenda kwenye ubao, nikanyofoa ufunguo kwenye msumari wa kumi na saba, nikautia mfukoni, nikatoka kwenda kununua gazeti. Mlango nikauvuta nyuma yangu. Ukalia ule mlio ambao sikuwa nimeusikia miaka minane, nami nikatembea kifua mbele mpaka dukani.

Niliporudi nilikuta watu sita wamesimama mlangoni. Walikuwa watu wa zamu ya Alhamisi. Funguo zao zote ziko ndani, na kwa kila ufunguo kuna mtu anaungoja. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mwenye nyumba amefika. Nikatoa ufunguo, nikauchomeka. Haukuingia.

Nikautazama. Ndipo nikauona utepe wa kijani na meno ninayoyajua: ulikuwa ufunguo wa Mwalimu, mwalimu wa hesabu mstaafu wa barabara ya juu, ambaye miguu haimtii. Mke wangu alikuwa ameuosha ubao asubuhi, na Sajini akarudisha funguo akifuata tepe, za kijani na za kijani. Mimi nilichukua kwa kufuata namba. Miaka thelathini na minne nilikuwa nawaambia wateja: tazama ufunguo kabla hujavuta mlango.

Vifaa vyangu vilikuwa ndani. Hata vingekuwa nje, kitasa kile ningekifungua kwa dakika arobaini, labda zaidi, mikono siku hizi inatetemeka. Nilisimama mbele ya mlango wangu nikakumbuka sauti ya yule mjane akiomba maji. Mtu mmoja aliniuliza kama najisikia vibaya.

Sajini ndiye aliyepenya katikati ya watu. "Nipishe, mzee." Akatoa ufunguo kwenye mkoba wake, akazungusha mara moja, mlango ukafunguka. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema, "Mama Funguo alinipa tangu akuandike. Alisema ipo siku utajifungia nje." Na aliuchongesha wapi? Sokoni, Mheshimiwa! Kwa yule mwenye mashine ya umeme! Kwa sababu angeniletea mimi ningejua. Inaniuma kuandika kwamba uliingia laini.

Basi ikawa hivi: fundi vitasa nimefungiwa nje, nikaokolewa kwa kuwa nimo kwenye orodha ya wapweke. Kisha Sajini akautazama ule uliokuwa mkononi mwangu, wa Mwalimu. Mshonaji aliyekuwa na zamu yake alikuwa amesubiri akachoka, amerudi dukani kwake. Watu wakachukua funguo zao mmoja mmoja wakatawanyika. Nikabaki nao mimi, na hakuna aliyenituma. Mtanielewa sasa nilivyosema kuhusu kupewa kitu ushike.

Nilikwenda kwa dharura, mara hiyo moja. Nilimkuta Mwalimu amekaa ukingoni mwa kitanda, saa ya mkononi ameishika mbele ya macho, kiatu kimoja kimevaliwa na kingine kiko sakafuni asikoweza kukifikia. Akasema, "Umechelewa dakika hamsini na mbili." Nikapiga magoti, na magoti yangu mnayajua, nikamvalisha kiatu nikafunga kamba. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Siendi popote, miaka minne sasa. Ila Alhamisi huwa kuna mtu anakuja, nami sipokei mtu nikiwa pekupeku."

Nikachemsha chai. Yake haiwekwi sukari, isipokuwa akishinda. Tukacheza drafti, nikafungwa mara tatu mfululizo na mtu ambaye nusu saa kabla nilikuwa namfunga kamba za viatu. Naomba fedheha hiyo nayo iingizwe kwenye kumbukumbu.

7. Miezi mitatu.

Nimefikia lile ambalo huenda lilipaswa kuwa la kwanza. Mheshimiwa, naogopa.

Mwanamke huyu hurudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Hutundika mkoba kwenye msumari wa hamsini, ambao haujawahi kuwa na ufunguo. Huvua viatu, hunisimulia. Aliyekula, aliyekataa kula, aliyecheka. Mimi hujifanya nasoma gazeti. Sijawahi kumwambia kwamba gazeti lile nimekwisha kulimaliza saa nne asubuhi, na kwamba kuanzia saa kumi na moja huwa nasikilizia njia. Mnaniambia kwa siku tisini msumari wa hamsini utabaki mtupu. Mnaliandika jambo hilo kwenye mstari mmoja, katikati ya nauli na malazi.

Isitoshe, hiyo sehemu ya pili ya fomu yenu ni mzaha. Mtu mwenye akili timamu hawezi kukubali kushika ubao wenye watu arobaini na sita, kila mmoja na siku yake, dawa yake na jambo lake asilopenda kuulizwa. Nimewaza jina baada ya jina. Sajini atawahesabu mpaka wakimbie. Mpiga picha ni mpole mno, akiambiwa na mgonjwa "nimekula" anaamini. Hakuna.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo.

Kwanza, jina la mke wangu lifutwe, apewe mwanamke mwingine anayependa kusimama mbele. Wapo wengi, wana mavazi yake na hotuba zimekwisha andikwa. Ikishindikana, ngao iletwe kwa siri, nami nitaitumia kuzuia mlango badala ya plasta. Ikishindikana na hilo, Kamati ianzishe haraka tuzo ya waume wa wanawake wanaotuzwa. Napendekeza vitengo vitatu: mume aliyekunywa chai iliyopoa kwa muda mrefu zaidi, mume aliyeondolewa kiti akiwa amekikalia, na mume aliyeandikwa msumari wa kumi na saba. Kwa hivyo vitengo vyote vitatu nipo tayari kusimama mbele ya watu.

Nawaombea heri katika kazi yenu, ambayo sina shaka ni nzuri ikifanywa kwa wake za watu wengine. Wasalimie wajumbe wote, msalimie karani, msalimie na mgeni wetu rasmi wa mwaka jana mkionana naye. Mwambie ufunguo wake uko salama, msumari wa thelathini na moja, utepe wa manjano.

Nabaki kuwa mnyenyekevu wenu niliyeonewa,

Fundi Vitasa (mstaafu),
mume wa Mama Funguo.

Nyongeza: Fomu imo humu humu kwenye bahasha, nyuma ya barua. Sehemu ya kwanza nilitia sahihi Ijumaa ile ile, saa moja baada ya kuipokea, kabla mwenyewe hajarudi. Najijua, ningeanza na barua nisingefika kwenye fomu.

Akija huko mpeni kiti cha mbele, ila msimtafute hapo. Angalieni kwanza wanakooshea vikombe, mmpelekee ngao huko. Akivua viatu jioni, yule atakayekuwa karibu amuulize siku ilikuwaje na amsikilize mpaka mwisho, hata kama ameshika gazeti. Hiyo ndiyo tuzo anayoijua. Nimemchongea ufunguo mpya wa nyumba, kwa mkono, wa kurudia nao. Ule wa sokoni nimeuweka kando.

Kule kwenye namba sita niliposema nilikwenda kwa Mwalimu mara moja, hesabu ilinipita kidogo. Hadi wiki iliyopita ni Alhamisi ishirini na moja. Nimeshinda mara mbili. Mama Funguo hajaniambia niende, wala hajaniuliza kwa nini utepe wa kijani siku hizi hauchukuliwi na mshonaji.

Sehemu ya pili ya fomu, ya atakayeshika nafasi yake, nimejiandika mimi. Sehemu ya tatu, ya uzoefu, nimeandika: miaka thelathini na minne ya kufunga milango, miezi mitano ya kufungua. Kama haitoshi mnijulishe. Mnisamehe naishia hapa, leo ni Alhamisi, nimechelewa dakika nne, na Mwalimu ameshaanza kuhesabu.